Kinga inayosema ulishavamiwa

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, nyumbani Tanga, binamu yangu alikuwa kakaa na simu yake akatusomea kwa sauti kwamba watafiti wamegundua watu wenye kinga dhidi ya bakteria wa ugonjwa wa fizi wana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi. Mama mdogo akaacha kumenya chungwa. Akauliza, "Wewe mwanangu, kinga tena ndo inaleta ugonjwa? Si mnatuambia kila siku tuongeze kinga?" Hakuna aliyemjibu, binamu akahamia kwenye habari za mpira, na mimi nimebaki na lile swali mpaka leo kwa sababu naliona ni zuri kuliko ile habari yenyewe.

Tatizo linaanza kwenye neno. Kinga kwa Kiswahili ni kitu kinachozuia, mwavuli unakukinga na mvua, mtoto aliyechanjwa surua tunasema ana kinga na tunamaanisha surua impite mbali. Kwahiyo ukisikia fulani ana kinga ya bakteria wa fizi kichwa kinakimbilia moja kwa moja kwenye usalama, halafu ukiambiwa huyohuyo ndo yuko kwenye hatari ya kiharusi unaona watafiti wamechanganyikiwa au aliyeandika habari kakosea. Lakini kule maabara hawakupima usalama wa mtu. Walipima antibodi kwenye damu, na antibodi ni protini ambazo mwili unazitengeneza baada ya kukutana na mgeni asiyetakiwa, kila mgeni na antibodi zake. Kuna wakati hizo antibodi zinafunga mlango kabisa, kama kwa surua. Kuna wakati zinakuwa ni maandishi tu kwenye daftari la mlinzi getini, kwamba mwizi aliingia, na pengine mpaka sasa hivi bado yuko ndani.

Na sisi huku hili tunalijua vizuri sana, ni vile tu tumelizoea hatulioni. Kile kipimo cha haraka cha UKIMWI cha kutobolewa kidole kinatafuta antibodi, na hakuna mtu anayetoka chumba cha ushauri nasaha akifurahi kwamba ana kinga, wote pale tunaelewa kwamba antibodi maana yake kirusi kimeingia, mwili umepigana nacho na haujakimaliza. Chukua pia kipimo cha Widal cha taifodi ambacho dispensari nyingi wanakitumia, ukishawahi kuugua hata zamani kinaweza kusoma una taifodi leo, kwa sababu antibodi zinabaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kuondoka, na watu wangapi wamemeza dawa za taifodi wasiyokuwa nayo kwa ajili ya hilo. Antibodi ni shahidi. Atakuambia alichokiona, ila lazima umuulize alikiona lini, na je, aliyemuona ndiye aliyeua au alikuwa anapita njia tu.

Sasa twende mdomoni kwanza. Ugonjwa wa fizi unaanza na ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi, ukiuacha pale unagandamana na chumvi za kwenye mate unakuwa mgumu kama jiwe, watu wa meno wanauita ugaga, na ukishafika hapo mswaki hauutoi tena hata usugue vipi. Fizi inavimba, inakuwa nyekundu, ukipiga mswaki unatema damu. Ikiendelea hivyo fizi inaanza kuachana na jino panatokea kifuko katikati, mle ndani hewa haifiki vizuri na ndo bakteria wabaya wanapopapenda, na mfupa unaoshikilia jino unaliwa polepole kwa miaka mingi bila maumivu ya maana mpaka siku unauma muhindi unasikia jino linacheza. Hapo ndo pabaya pake. Jino likitoboka linauma usiku kucha na unakimbia hospitali, fizi ikitoa damu unasema labda mswaki mgumu, unabadilisha mswaki, maisha yanaendelea. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2022 lilikadiria watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa wa fizi uliofika hatua mbaya.

(Niseme hapa kwa ndugu zangu wa Arusha na Kilimanjaro, rangi ya kahawia kwenye meno inayotokana na floridi nyingi kwenye maji sio ugonjwa wa fizi. Mtu anaweza kuwa na meno ya kahawia na fizi nzima kabisa, na mwingine ana meno meupe ya kuvutia kumbe chini fizi imeoza. Tusiangalie rangi.)

Kwenye kile kifuko wanaishi bakteria wa aina nyingi sana lakini wawili ndo wanatajwa zaidi kwenye habari hizi. Mmoja anaitwa Porphyromonas gingivalis, mwingine Aggregatibacter actinomycetemcomitans, majina marefu kweli, tuwaite Pg na Aa kama wanavyofanya watafiti wenyewe. Pg ana vimeng'enya vinavyokatakata protini za mwili na kuvuruga askari wetu wasijue wampige nani. Aa anatoa sumu inayoua seli nyeupe za damu, yaani anaua wale wale waliotumwa kumkamata. Kuna aina moja ya huyu Aa inaitwa JP2, wataalamu waliwafuatilia vijana wa shule huko Moroko, na mwaka 2008 jarida la Lancet likachapisha kwamba vijana waliokuwa na JP2 peke yake hatari yao ya kupata ugonjwa wa fizi ilikuwa karibu mara 18 ukilinganisha na wasiokuwa na Aa kabisa. Vijana hao, sio wazee. Naitaja kwa sababu huwa tunadhani meno kulegea ni uzee tu kama mvi.

Habari ya binamu yangu mzizi wake uko Finland, na sio bahati mbaya kwamba ni huko. Miaka ya mwanzoni ya 1970 wanaume wa Finland, hasa upande wa mashariki kule Karelia Kaskazini, walikuwa wanakufa kwa magonjwa ya moyo kwa kasi ambayo ilikuwa ya juu kabisa duniani, na nchi ikaamua kuwapima watu wake kwa nguvu zote. Kati ya 1973 na 1976 kliniki ya kutembea ilizunguka sehemu mbalimbali za nchi ikipima watu na kuchukua damu, na damu ile hawakuimwaga wakishamaliza, waliigandisha wakaihifadhi. Mimi hapo ndo huwa nawavulia kofia hawa watu. Mtu alitoa damu mwaka 1974 hajui hata itatumika kwa nini, na miaka karibu thelathini baadaye damu ile ile inajibu swali ambalo siku ile hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Swali lenyewe lilianza kupata moto mwaka 1989, pale madaktari wa Helsinki walipochukua wagonjwa 100 waliopata shambulio la moyo wakawalinganisha na watu 102 wengine, wakakuta wale wa moyo wana midomo mibaya zaidi. Ilitoka kwenye jarida la madaktari wa Uingereza na ikazua ubishi mkubwa. Baadaye, mwaka 2004, Pirkko Pussinen na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Stroke kazi iliyorudi kwenye zile damu zilizogandishwa. Kulikuwa na watu 6,950 wa umri wa miaka 45 mpaka 64, wamefuatiliwa miaka 13, na katika muda huo 173 walipata kiharusi. Kila mgonjwa akatafutiwa watu wawili wanaofanana naye kwa umri, jinsia, mahali anapoishi na hali ya afya mwanzoni ila wao hawakupata kiharusi, halafu damu zote zikapimwa antibodi za Pg na Aa.

Wagonjwa wale wakagawanywa makundi mawili na hapa inabidi twende taratibu. Kundi la kwanza ni watu 109 ambao siku wanatoa damu walikuwa wazima, hawana historia ya kiharusi wala ugonjwa wa moyo. Kati yao 41.3% walikuwa na antibodi za Aa za aina ya IgA (aina hii nitaieleza mbele kidogo), wenzao ambao hawakupata kiharusi ni 29.3%. Ukishahesabu sigara na mengine, uwezekano wa kiharusi kwa mwenye antibodi ulikuwa mara 1.6. Kundi la pili ni watu 64 ambao tayari walishawahi kuugua kiharusi au moyo, na hawa safari hii waliojitokeza ni Pg, 79.7% walikuwa na antibodi zake na wenzao 70.2%, uwezekano wa kupigwa kiharusi kingine ukawa mara 2.6.

Ukisoma haraka unaona mara 2.6, unashtuka, unaisambaza kwa ndugu. Lakini rudi uangalie ile 70.2%. Hao ni watu ambao hawakupata kiharusi katika miaka 13, na saba katika kila kumi wana antibodi za Pg. Yaani kuwa na antibodi hizo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, karibu kila mtu mzima kashakutana na huyu bakteria. Na tofauti ya 79.7 na 70.2 kwa watu 64 ni watu sita hivi, ukihamisha wawili watatu kutoka upande mmoja kwenda mwingine stori inabadilika. Wenyewe waliandika wazi kwamba ile 1.6 ingeweza kuwa popote kati ya 1.0 na 2.6, na ile 2.6 popote kati ya 1.0 na 7.0, na 1.0 maana yake hakuna tofauti yoyote. Kwahiyo kama ni mlango basi umefunguka kidogo tu, mwanga unapita lakini huwezi kupitisha kabati.

Kitu ambacho mimi kinanivutia zaidi kwenye ile kazi na ambacho sijawahi kukiona kwenye habari za kusambazwa ni hiyo IgA. Mwili una antibodi za aina mbalimbali, IgG zinadumu kwenye damu wiki kadhaa na mwili unaendelea kuzitengeneza muda mrefu kwa kumbukumbu, IgA maisha yake ni mafupi, siku chache tu zinaisha. Ukikuta IgA nyingi za Pg au Aa kwenye damu ya mtu, hiyo inaelekea zaidi kwenye kusema kuna kitu kinaendelea sasa, bakteria wanaingia na mwili unajibu wiki hii. Ndo lile swali la kumuuliza shahidi, ulimuona lini. Na jibu la IgA ni kama anasema, nimemuona juzi na jana pia.

Wanaingiaje? Hili halina ubishi sana, fizi ikiwa na vidonda ukitafuna tu au ukipiga mswaki bakteria wanapenya kwenye damu, kwa muda mfupi, dakika chache mwili unawasafisha. Mtu mwenye fizi nzima anatokewa na hilo mara chache na kidogo. Mtu mwenye fizi mbovu ni kila siku, chai, chakula cha mchana, usiku, miaka kumi, ishirini. Huko ndani Pg akikutana na chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu ukijikata, anaweza kuzifanya zishikane, na chembe sahani kushikana ndo mwanzo wa bonge la damu. Na mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichunguza mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa 50, mishipa ile inayopeleka damu kichwani, wakakuta vinasaba vya bakteria wa fizi kwenye sampuli 44 katika kila 100. Halafu Finland tena, jiji la Tampere, mwaka 2019, wakachukua mabonge ya damu yaliyovutwa kutoka kwenye ubongo wa wagonjwa 75 wa kiharusi wakati wa matibabu, na 79% ya mabonge hayo yalikuwa na vinasaba vya bakteria wa mdomoni wa jamii ya streptokoka. Hebu tulia hapo kidogo. Bakteria wa mdomoni, ndani ya bonge lililoziba ubongo.

Bado hiyo haithibitishi kwamba wao ndo walioanzisha moto, inawezekana bonge lilijijenga kwa sababu nyingine na wao wakanasa humo kama takataka zinavyonasa kwenye kizuizi cha mfereji. Lakini ushahidi wa kuwepo eneo la tukio sio mdogo.

Njia ya pili haihitaji hata bakteria wafike kichwani. Kuna methali ya wazee, kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na ile kinga ya kwenye methali ni kile kijinga cha moto, kipande cha ukuni kinachowaka, kimoja kinazima haraka lakini ukiviweka pamoja vinawaka. Najua ni neno lingine limefanana tu na kinga ya mwili lakini kila nikisoma habari hizi naikumbuka, kwa sababu kinga ya mwili ikikaa kwenye mapambano yasiyoisha nayo inageuka moto. Ini linamwaga protini za hatari kwenye damu, kuta za mishipa zinakakamaa, mafuta yanayojishika humo yanakuwa dhaifu rahisi kupasuka. Wengine wanasema zaidi, kwamba sehemu ya protini ya Pg inafanana na protini zetu wenyewe, na antibodi zilizotengenezwa kumpiga Pg zinaweza kugeukia kuta za mishipa yetu kwa kutotofautisha. Kwa maana hiyo mama mdogo aliuliza sawasawa kabisa, kinga yenyewe inaweza kuwa sehemu ya tatizo. Na hapo ndo utaona zile chupa za kuongeza kinga zinazouzwa mtaani kwa elfu thelathini zinavyokosa maana kwa mtu mwenye fizi zinazotoa damu, kinga yake haijapungua, imechoka kwa kupigana vita moja isiyokwisha na anachohitaji ni adui atolewe.

Sasa upande wa pili, na huu naomba usirukwe. Nani ana fizi mbovu? Mvuta sigara. Mwenye sukari isiyodhibitiwa. Mzee. Maskini ambaye hana hela wala nafasi ya daktari wa meno. Nani anapata kiharusi? Orodha ni ile ile. Kwahiyo unaweza ukakuta fizi na kiharusi ni watoto wa baba mmoja ambao hawajawahi hata kusalimiana. Watafiti wanajitahidi kuondoa sigara na sukari kwenye hesabu lakini umaskini hauondoki kirahisi hivyo, na sigara mtu anakuambia anavuta mbili kumbe sita. Mwaka 2000 kulikuwa na kazi nyingine kubwa Marekani iliyotoka kwenye jarida la JAMA, wao walipofanya hesabu zao hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba fizi zinaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2012 walikaa wakapitia yote wakasema uhusiano upo, na haumalizwi na sigara na mengine tunayoyajua, lakini kwamba fizi ndo zinasababisha, hapana, ushahidi haujafika hapo. Naona walisema haki.

Hata zile habari nzuri zina shimo hilo hilo. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliofuatilia watu 10,362 kwa miaka 15, walioenda kwa daktari wa meno mara kwa mara walipata kiharusi kidogo zaidi, pungufu ya 23% hivi. Inapendeza. Lakini jiulize anayeenda kwa daktari wa meno kila mwaka bila jino kuuma ni mtu wa namna gani, ni huyo huyo ana bima, anapima presha, anakula vizuri, ana muda. Kipimo kinachoniridhisha zaidi ni cha London mwaka 2007, waliwachukua wagonjwa 120 wa fizi mbaya wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakasafishwa kwa nguvu sana na nusu kwa kawaida, halafu wakapima jinsi mshipa wa mkono unavyotanuka. Baada ya saa 24 wale waliosafishwa sana mishipa yao ilikuwa mibaya zaidi, maana umechokonoa kila kitu na bakteria wamemwagika kwenye damu, lakini baada ya miezi sita mishipa yao ilikuwa mizuri kuwapita wenzao. Bahati nasibu inaondoa lile tatizo la tajiri na maskini. Ila ni mshipa wa mkono, sio kiharusi, na kati ya mshipa kutanuka vizuri na mtu kutopooza bado kuna safari.

Msimamo wangu kwahiyo ni huu, na niko tayari kubishana. Antibodi za bakteria wa fizi ni ishara ya kweli kwamba mdomo umekuwa ukiuchafua mwili kwa muda mrefu, na naamini kwa baadhi ya watu uchafu huo unachangia kiharusi. Lakini kuutangaza kama sababu kubwa ya kiharusi ni kuwapotosha watu, na hapa kwetu kupotosha kwa namna hiyo kunaua. Utafiti mkubwa wa INTERSTROKE uliofanyika nchi 32 na kutoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo kumi yanabeba karibu 90% ya hatari yote ya kiharusi, na presha peke yake karibu nusu. Fizi hazimo kwenye kumi hizo.

Na Tanzania tuna namba zetu, nashangaa hazisemwi. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na Dar es Salaam, na baada ya kuweka umri sawa Hai walikuta 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar wakakuta 316. Dar ilizidi nchi nyingi za Ulaya na Marekani. Moja ya mambo yaliyo nyuma ya viharusi hivyo ni presha isiyotibiwa, mtu hajui kama anayo au anajua na kaacha dawa kwa sababu kichwa hakiumi. Na mpaka leo kuna familia, hasa huku pwani, mtu akipinda mdomo asubuhi anapelekwa kwanza kwa mganga kwamba katupiwa jini au kapitiwa na upepo mbaya, saa zile za kuokoa ubongo zinaishia kwenye mkeka. Sasa mtu huyo ukimwambia kiharusi kinatoka kwenye fizi umemuongezea kona nyingine ya kupotelea.

Hapo utaniuliza, kama ni presha basi kwa nini nimekaa naandika yote haya kuhusu fizi. Kwa sababu fizi zina thamani hata bila kiharusi, mtu kupoteza meno ana miaka hamsini ni kupoteza chakula, kicheko na heshima ya kuongea mbele za watu. Na kwa sababu huduma yetu ya meno imebaki kuwa ya kung'oa. Nenda vituo vingi vya serikali, koleo ipo, ganzi ipo siku nyingine haipo, kifaa cha kukwangua ugaga kimeharibika au kipo lakini foleni ya kung'oa haimpi daktari nafasi. Unaingia na fizi zinazotoka damu unaambiwa rudi jino likilegea. Mtu anaishi na vita mdomoni miaka ishirini na matibabu anayopewa ni kusubiri kushindwa.

Kuna jambo moja rahisi ambalo sielewi kwa nini halifanyiki kila mahali. Watu wazima wa miaka arobaini na kuendelea ambao hawajawahi kupima presha maishani bado wanakwenda kwa daktari wa meno, maana jino halibembelezwi. Pale kwenye kiti wamekaa, wametulia, mkono uko wazi. Mashine ya presha sio ghali kama vitu vingine vya chumba kile. Kama mdomo mbovu na mishipa mibovu vinatembea pamoja, iwe kwa undugu wa damu au kwa ujirani tu, basi kiti cha meno ni mahali pa kumnasa mgonjwa wa kiharusi kabla hajawa mgonjwa, na hilo halihitaji tusubiri ubishi wa Pg na Aa uishe.

Kuhusu mswaki sina mengi. Asubuhi na usiku, usugue pale fizi inapokutana na jino maana ndo ukoga unapojificha, mswaki wa mti ni mzuri tu kama unafika huko na kama hauchomi fizi. Damu ikitoka usiache kusugua ukidhani unaiumiza, nenda ukaonwe. Unavuta sigara, acha, hiyo ni kwa fizi na kwa kiharusi kwa pamoja. Una sukari, idhibiti, sukari ikipanda fizi zinaharibika na fizi zikiharibika sukari inakataa kushuka.

Mama mdogo nilimrudia wiki mbili baada ya ile Jumapili. Nikamuuliza, "Mama, wewe fizi zako zikoje?" Akasema zinatoka damu kidogo, tangu ujauzito wa mtoto wa pili. Mtoto wa pili ana miaka thelathini na moja. Nikampeleka, na kwa bahati yule daktari wa meno tuliyempata ni wa wale wanaopima presha kabla hawajagusa chochote. Ilisoma 172 kwa 104. Akapima tena baada ya dakika kumi, 170. Akatuambia kwa upole, "Bi mkubwa, leo meno hatuyagusi," akaandika karatasi akatuelekeza jengo la pili kwa daktari wa presha. Mama mdogo alikasirika njia nzima, kaja kwa fizi anapewa vidonge vya moyo.

Ugaga ulikwanguliwa mwezi uliofuata, mara mbili kwa nafasi ya wiki moja, na ulikuwa mwingi. Vidonge vyake siku hizi kaviweka bafuni, kwenye kikombe kimoja na mswaki, anasema akisahau hiki atakiona kile.